Mkulima wa Kano Ameshafanya Nusu Yake

Kisumu hunyeshewa zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. London, jiji lenye sifa ya mawingu na miavuli, halifikishi 700. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake utadhani mkulima wa nyanda za Kano, kati ya Ahero, Nyakach na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, hana sababu ya kulalamika. Lakini ndiye huyo huyo ambaye mahindi yake huzama mwezi wa Mei, na miezi michache baadaye ardhi ile ile imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mafuriko na ukame, ambayo kwingineko ni majanga ya watu wanaoishi mbalimbali, hapa humwandama mtu mmoja katika shamba moja, mara nyingine ndani ya mwaka mmoja.

Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Mto Nyando huanzia juu, kwenye vilima vya Nandi, Tinderet na Londiani, hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 3,600, kisha huporomoka hadi kwenye tambarare ambayo haijainuka sana kuliko ziwa lenyewe. Maji yaliyokuja kwa kasi hukosa pa kwenda. Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya Kano ni mfinyanzi mweusi mzito, ambao ukilowa huvimba na kujifunga, na mvua inayofuata huteleza juu yake bila kuzama. Ukikauka husinyaa na kupasuka, ukikata mizizi ya mimea michanga. Ndiyo maana mvua ya siku nne mfululizo inaweza kuwa nyingi kupita kiasi na bado isimfae mkulima wiki tatu baadaye. Na sasa limeongezeka la tatu, linalotoka mbali. Bahari ya Hindi inapopata joto upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli za Afrika Mashariki huvuka mpaka. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, na ndivyo ilivyokuwa tena mwishoni mwa 2023, El Nino ikiongeza nguvu, kabla ya masika ya 2024 kuleta mafuriko mengine. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi na kuuachilia kwa vishindo. Waluo wa hapa waligawa kilimo cha mwaka kwa chwiri, mvua za masika, na opon, mvua za vuli, na kila msimu ulikuwa na mbegu zake na kazi zake. Siku hizi chwiri inaweza kuchelewa, ikaanza kwa gharika, kisha ikakatika mahindi yanapotoa mbelewele, wakati ambao mmea hauwezi kusubiri maji hata wiki mbili.

Mipango mingi ya kuwasaidia wakulima hawa huanza na dhana kwamba wanachokosa ni maarifa. Hupelekewa mafunzo, vipeperushi, fulana na mbegu za majaribio, na matokeo yakiwa haba husemwa kwamba watu ni wagumu kubadilika. Ushahidi wa ufuo huu wa ziwa unanionyesha jambo tofauti. Kwa yale yaliyo ndani ya ua wa boma lake, mkulima mdogo wa Kano na Nyakach amebadilika sana, na kwa haraka kuliko taasisi zinazomfundisha. Anapokwama ni pale tatizo linapovuka ua: maji yanayotoka shamba la jirani wa juu, bei inayopangwa Nairobi, hati ya ardhi iliyo kwa jina la mtu mwingine, ziwa linalopanda. Hapo hakuna mafunzo yatakayomwokoa, kwa sababu uamuzi si wake.

Tuanze na ndani ya ua. Mwaka 2011 mpango wa utafiti wa kimataifa wa tabianchi na kilimo, ukishirikiana na vikundi vya wenyeji, ulianza kufanya kazi katika vijiji vya Nyando ya chini, pande zote mbili za mpaka wa kaunti za Kisumu na Kericho. Utafiti wa awali ulikuta asilimia 81 ya familia zikikosa chakula mwezi mmoja au miwili kila mwaka, na asilimia 17 zikiteseka miezi mitatu hadi minne. Kati ya yote yaliyojaribiwa, lililoshika mizizi haraka lilikuwa mifugo midogo. Mbuzi wa Gala kutoka maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya hukua upesi kuliko mbuzi wadogo wa kienyeji, hukamuliwa, na huishi kwa majani ya vichaka pale nyasi zinapokwisha. Kondoo wekundu wa Kimaasai hustahimili minyoo ya tumbo, ambayo baada ya mafuriko huua kondoo wengi kwenye malisho yaliyolowa. Familia zilichanganya damu hizo na mifugo yao ya asili, zikapata wanyama wanaofika sokoni mapema. Hesabu ya mkulima hapo ni nyepesi kueleweka. Ng'ombe mmoja akifa kwa kiangazi, mali yote imekwenda. Lakini mwenye mbuzi sita huuza mmoja, akalipa karo, akanunua debe la mahindi, na watano wakabaki. Vikundi vya akiba na mikopo, vile vyama vya akina mama vinavyokutana kila wiki, viligeuka kuwa benki ya kununulia wanyama hao na mbegu.

Ukivuka ghuba hadi Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, utakuta ushahidi wa pili. Adui mkubwa wa mahindi na mtama kandokando ya ziwa, kuliko hata ukame, ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalojiunga na mizizi ya nafaka na kunyonya chakula chini kwa chini. Waluo huliita kayongo. Pamoja nalo yupo funza wa shina. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan walijifunza kuwakabili wote wawili bila kemikali. Katikati ya mistari ya nafaka hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Harufu yake huwafukuza nondo wa funza, na mizizi yake hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kiduha iote kisha ife kwa kukosa mzizi wa kushika. Pembeni, kuzunguka shamba, hupandwa nyasi ambazo huwavuta nondo wakatage huko. Joto na ukame vilipozidi, mimea ya awali ikaanza kushindwa, na miaka ya mwanzo ya 2010 ikaletwa desmodiamu ya aina nyingine pamoja na nyasi za brakiaria, zinazovumilia kiu. Kwa mkulima wa mfinyanzi mweusi faida kubwa iko juu ya udongo: desmodiamu hufunika ardhi mwaka mzima, jua halipasui, tone la mvua halipigi udongo wazi, na mwisho wa siku kuna majani ya kumpa mbuzi.

Ushahidi wa tatu haujulikani sana, nami nadhani ndio wenye akili kupita yote. Mapema miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton pamoja na wenzao wa Ulaya walishirikiana na wanavijiji wa Kusa, upande wa Nyakach, na wa Nyangera huko Siaya, kuchimba mabwawa membamba marefu kuanzia ukingo wa nchi kavu kuelekea ndani ya mafunjo. Udongo uliochimbuliwa ulirundikwa kati ya bwawa na bwawa ukawa matuta yaliyoinuka. Maji ya ziwa na mito yanapofurika huingia mabwawani yakiwa na samaki wake, vifaranga vya ngege na kambare ambavyo hakuna aliyevinunua. Mafuriko yakirudi, samaki hubaki wamenaswa. Familia hurutubisha bwawa kwa samadi, samaki wakanenepa, huku juu ya matuta sukuma wiki, managu na kunde zikimwagiliwa kwa ndoo kutoka hapo hapo. Kiangazi kinapokaribia kulikausha bwawa, samaki huvuliwa. Mtu ambaye kwake mafuriko yalikuwa hasara tupu anayapokea kama mbegu. Njia hiyo ina udhaifu wake, na hauna haja ya kufichwa: mwaka maji yasipofika hakuna samaki, na mwaka ziwa likipanda kupita kiasi, matuta na mabwawa huzama pamoja.

Msomaji makini atauliza: kama mambo haya yanafaa hivyo, mbona mashamba mengi ya Kano bado ni mahindi matupu kwenye udongo mtupu? Swali hilo ni la haki. Sehemu ya jibu ni gharama. Mbegu ya desmodiamu ni adimu na ghali, na msimu wa kwanza hudai palizi ya uangalifu kabla haijafunika ardhi. Mwenye ekari moja na watoto watano hajaribu jambo jipya kwenye nusu ya chakula cha mwaka; si woga, ni hesabu sahihi. Sehemu kubwa zaidi ya jibu, hata hivyo, iko kwenye swali la shamba ni la nani. Wanaolima na kupalilia ufuoni ni wanawake kwa wingi, na ardhi kwa wingi imeandikwa kwa jina la mume, baba mkwe, au babu aliyefariki zamani. Mti kwa desturi ni dai la ardhi, na ndiyo sababu mwanamke kupanda mti kulitazamwa vibaya katika maboma mengi ya Kiluo. Desturi ya golo kodhi nayo hutaka upanzi uanze kwa ukubwa, mzee na mke mkubwa kwanza, wengine wafuate. Zamani mvua ilipokuwa na subira, utaratibu huo ulilinda heshima na amani ya ukoo bila kumpunguzia mtu gunia. Leo, wakati siku kumi za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti kati ya kuvuna na kukosa, mjane au mke mdogo anayemsubiri mkubwa aliyehamia mjini analipa kwa njaa. Maboma mengi yamekwisha kulegeza utaratibu huo, na yamefanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe. Afisa wa kilimo anayegawa miche bila kuuliza ni nani mwenye haki ya kuipanda hajafika bado kwenye tatizo.

Sasa tutoke nje ya ua, na hapo nje makorongo yanasema zaidi ya takwimu. Katuk Odeyo, huko Nyakach, ni mfano unaojulikana: maji yaliyoanza kama kijito cha mvua yamechimba ardhi mwaka baada ya mwaka mpaka yakatokea mabonde yenye kuta wima, yanayomeza malisho, mashamba na njia za watoto wa shule. Hakuna mkulima mmoja anayeweza kuziba korongo la namna hiyo. Akijenga kizuizi cha mawe kwake, maji ya mwenzake wa juu yatakizunguka na kulifanya korongo kuwa pana zaidi kwa jirani wa chini. Wenyeji walilitambua hilo mapema, wakaunda kikundi kinachobeba jina la korongo lenyewe, Marafiki wa Katuk Odeyo, na kazi iliyofaa ilikuwa ile iliyoanza juu: kuzuia mifugo isikanyage miteremko, kupanda miti na nyasi kwenye kingo, kuchimba silanga za kunasa maji kabla hayajapata kasi. Silanga moja iliyochimbwa mahali pazuri hupunguza mafuriko ya Mei, na huwanywesha mbuzi wakati wa kiangazi. Fedha nyingi za miradi, kwa bahati mbaya, huhesabu wakulima waliofunzwa mmoja mmoja, na hazihesabu mteremko uliotibiwa kuanzia kilele hadi chini.

Bei nayo huvuka ua. Mtama ni zao la asili la Kano, huvumilia kiu, huvumilia hata miguu kukaa majini kwa siku kadhaa, na kwa miaka mingi wataalamu wamewahimiza wakulima waurudie. Waliurudia, maana kulikuwa na mnunuzi: kampuni ya bia ya East African Breweries ilihitaji mtama mweupe kwa ajili ya bia ya bei nafuu ya Senator, iliyosamehewa ushuru. Mwaka 2013 serikali ikaitoza bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Mauzo yaliporomoka, mikataba ya mtama ikakatwa, na waliofuata ushauri wakabaki na magunia. Mwaka 2015 ushuru ulipunguzwa kwa kiasi kikubwa, na mwaka 2019 kampuni ikazindua kiwanda kipya Kisumu, mlangoni mwa wakulima. Vyema. Lakini aliyepoteza msimu wa 2014 hakupotezewa na jua wala mvua. Wapo wasemao kwamba shida ya mtama ni ndege, na kweli kwelea ni balaa. Mwanzoni mwa 2023 makundi yao yalivamia mpunga wa Kisumu hadi serikali ikapulizia dawa. Hilo lenyewe linarudi kwenye hoja yangu. Kwelea hafukuzwi na shamba moja, na kumwaga sumu juu ya mashamba ya watu na bwawa lao la samaki si jambo ambalo mkulima aliwahi kuulizwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba dawa ya yote ni saruji. Bwawa kubwa la Soin-Koru kwenye Nyando limezungumzwa kwa miongo kadhaa kama suluhisho la mafuriko ya Kano, na sina ubishi kwamba bwawa lililojengwa vizuri lingepunguza kilele cha maji na kuleta umwagiliaji. Historia ya skimu ya mpunga ya Ahero, iliyoanza mwaka 1969, inatoa tahadhari mbili. Ya kwanza: miundombinu mikubwa hudumu kama gharama zake za kila siku zinalipika, na Ahero hutegemea pampu za umeme kuvuta maji ya mto, bili isipolipwa mpunga hukauka maji yakionekana. Ya pili ni tope. Nyando ni miongoni mwa mito inayomwaga udongo mwingi zaidi ziwani kutoka Kenya. Bwawa likijengwa kabla ya kutibiwa miteremko ya juu litajaa udongo wa Nandi na Kericho mapema kuliko mkopo wake utakavyolipwa. Kuta za udongo kandokando ya mto zimeonyesha hivyo hivyo: tope likipandisha kitako cha mto, ukuta wa jana huwa mfupi leo.

Kuna jambo moja ambalo hata miteremko ikitibiwa yote halitaisha, na lazima lisemwe waziwazi, kwa kuwa hoja ya miti na silanga huuzwa mara nyingine kama tiba ya kila kitu. Mafuriko ya ufuoni ni ya aina mbili. Ya mto huja kwa kishindo na kuondoka kwa siku au wiki. Ya ziwa hupanda polepole na kukaa. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile huko Jinja, unaodhibitiwa na mabwawa ya umeme ya Uganda. Mvua kubwa za 1961, zile za kuelekea Uhuru, zilianza kulipandisha ziwa hadi likaweka rekodi mwaka 1964. Rekodi hiyo ilidumu hadi Mei 2020, na mwaka 2024 ikavunjwa tena. Katika vijiji vya Kabonyo Kanyagwal na maeneo mengine ya chini, mashamba, vyoo, makaburi na madarasa yalimezwa na maji ambayo hakuna mbuzi wa Gala wala desmodiamu ingeyapunguza hata kwa kidole. Kwa familia hizo, neno kuhimili halina maana. Wanadai fidia na mahali pa kuishi.

Hapo ndipo husikika jibu jepesi: wahame. Wahamie wapi? Kano ina watu wengi, na juu ya miinuko kila ekari ina mwenyewe. Aidha, watu wa ufuoni hawakukaa huko kwa ukaidi. Udongo unaoachwa na maji ndio wenye rutuba kuliko wote, na samaki wako karibu. Kuhama kunaweza kuwa sahihi kwa baadhi, ila kuhama bila ardhi na fedha ni kumtoa mtu kwenye maji na kumweka kwenye kibanda cha mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu. Mchango wa Kenya katika uchafuzi unaopasha dunia joto haufiki hata sehemu moja ya mia, na ndiyo sababu mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 una maana kubwa kwa mtu wa ufuoni mwa Ogenya kuliko kwa wanadiplomasia walioujadili. Swali ni kama pesa zake zitawahi kufika kwenye wadi.

Njia ya kuzifikisha ipo tayari. Kaunti, ikiwemo Kisumu, zimeunda kamati za tabianchi za wadi chini ya mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa kugharamia hatua zinazoamuliwa mashinani. Kamati hizo huchagua miradi ya wadi, na udhaifu wake ni huo huo: wadi hufuata mipaka ya kura, Nyando haifuati. Wadi ya chini huomba ukuta, wadi ya juu huomba barabara, na maji ya barabara mpya humwagwa kwenye korongo la wadi ya chini. Ningependa kuona sehemu ya fedha hizo ikiwekwa kando kwa maombi yanayoletwa na wadi mbili au kaunti mbili kwa pamoja, Kericho au Nandi ikiwa juu na Kisumu chini, kwa kijito kimoja kinachotajwa kwa jina.

Na kuna kazi nyingine ambayo haihitaji mfadhili yeyote. Ziwa lililopanda litashuka. Mwaka 2005 na 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1923, kwa ukame na kwa maji mengi kufunguliwa kule Jinja, na watu wakasogea kulima pale mafunjo yalipokauka. Litakaposhuka safari hii, miti ya mipaka itakuwa imeoza, mkonge umekwenda, na familia zilizotawanyika zitarudi kukuta tope tambarare lisilo na alama. Walio na nguvu watafika kwanza, na wajane na mayatima wataambiwa kwamba shamba lao lilikuwa mbele kidogo, majini. Kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zinaweza kupima mipaka hiyo sasa, kwa ramani za zamani na ushahidi wa majirani, wakati wazee wanaokumbuka shamba la nani liliishia wapi bado wako hai.